Kabla Hujatoa Laki Nne za Kadi ya Gemu

Mpwa wangu alikuja kwangu Tabata siku ya tatu ya Idi akiwa na kitu kimefungwa kwa gazeti. "Shikamoo mjomba." Nikaitikia, na kabla hata hajakaa akalifungua gazeti mezani. Ilikuwa kadi ya grafiki yenye feni mbili na stika inayong'aa: GTX 1050 Ti, gigabaiti 4. Aliinunua Kariakoo kwa laki moja na nusu, fedha aliyoidunduliza miezi mitano kwa kuchapa barua na kutoa kopi kwenye steshenari ya jirani.

Jioni nikamfuata kwao tukaifunga. Windows ikaitambua kwa jina lilelile la kwenye stika, kijana akatabasamu. Akafungua GTA V. Gari likawa linaruka kutoka nguzo hadi nguzo, kama picha zinazobandikwa ukutani moja moja. Yeye akadhani kompyuta ina virusi. Mimi nikaenda kuangalia nyuma ya mashine, nikaona kadi yenyewe ina tundu la VGA, lile la bluu lenye vishimo 15. Kadi za kizazi hicho cha Nvidia, kilichoanza kuuzwa mwaka 2016, hazitoi mawimbi ya VGA zenyewe. Nikapakua GPU-Z, programu ndogo ya bure, ikaandika neno FAKE mbele ya jina la kadi. Chipu ya ndani ilikuwa ya GTX 550 Ti, kadi ya mwaka 2011 yenye viini 192, wakati 1050 Ti halisi ina viini 768. Mtu aliiandika upya programu iliyo ndani ya kadi ili ijitangaze kwa jina lisilo lake.

Dukani walimwambia mali ikishatoka hairudi.

Hilo limeniuma mpaka leo, kwa sababu hasara ile ingeepukika kwa dakika kumi za kuuliza maswali sahihi. Maswali yenyewe hayaanzii kwenye kadi. Kadi haina thamani ikiwa peke yake kwenye kabati la kioo. Thamani yake hujulikana ikishaingia ndani ya mashine yako, ikila umeme wa pawasapulai yako, ikilishwa na prosesa yako na kuonyesha picha kwenye skrini yako. Kadi ileile ya laki sita inaweza kuwa ununuzi bora wa mwaka kwa mtu mmoja, na kwa jirani yake ikawa fedha iliyotupwa.

Basi anza na skrini. Geuza nyuma usome karatasi iliyobandikwa, au fungua mipangilio ya Windows uone ukubwa wa picha na hezi. Skrini nyingi zinazouzwa kwetu zikiwa zimetumika zimetoka maofisini Ulaya, Marekani au Dubai. Zina inchi 19 hadi 24, na nyingi ni za hezi 60. Hezi 60 maana yake skrini inabadilisha picha mara 60 kwa sekunde. Ukiilisha fremu 140 kwa sekunde, zaidi ya nusu hutaziona. Utahisi amri za kipanya zinaitika haraka kidogo, na mchezaji wa Counter-Strike 2 au Valorant atalithamini hilo, lakini mcheza mpira na mwendesha magari hatapata kitu cha kulipia laki mbili za ziada. Kama skrini yako ni ya 1920 kwa 1080 na hezi 60, lengo lako ni kadi inayoshika fremu 60 bila kuyumba kwenye gemu unazocheza kweli. Nasisitiza bila kuyumba. Kadi yenye wastani wa fremu 80 inayoporomoka hadi 25 kila mlipuko unapotokea itakuchosha macho kuliko ile inayokaa kwenye 60 muda wote. Kwa hiyo ukisoma majaribio ya watu, usiishie kwenye wastani. Tafuta na namba ya fremu za chini.

Na matundu ya skrini yaangalie mapema. Skrini ya zamani ikiwa na VGA pekee, kadi za leo haziingiliani nayo moja kwa moja. RTX 4060, kwa mfano, ina HDMI na DisplayPort tu. Utahitaji adapta inayobadilisha mawimbi ya HDMI kuwa VGA, ile yenye chipu ndani, siyo kipande cha plastiki chenye pini tupu. Adapta si ghali, ila ukiisahau utarudi mjini siku ya pili.

Baada ya skrini fungua kasha, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapoumia.

Kompyuta za mezani ambazo vijana wengi wanaanzia nazo ni zile za ofisi: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Ni mashine imara na ninazipenda. Lakini zilitengenezwa kwa ajili ya kuandika barua, hivyo pawasapulai zake ni ndogo. OptiPlex 7010 ndogo ya mwaka 2012 ina wati 240. OptiPlex 7020 ya mnara, ambayo ndiyo ya mpwa wangu, ina wati 290, na haina ule waya wa ziada wa kulisha kadi ya grafiki. Tundu la kadi kwenye mazabodi linatoa wati 75 peke yake. Kadi inayohitaji zaidi ya hapo hupewa waya kutoka kwenye pawasapulai: wa pini 6 unaongeza wati 75, wa pini 8 unaongeza 150.

Mashine ikikosa waya huo, kijana wa dukani atakupa adapta inayochukua umeme kutoka kwenye plagi ya SATA, ile iliyotengenezwa kulisha diski, na kuugeuza kuwa pini 6. Ndicho alichopewa mpwa wangu. Nilipoigusa adapta ile baada ya dakika 20 za gemu ilikuwa na joto kama kikombe cha chai. Plagi ya SATA imekadiriwa kubeba wati 54 kwenye waya wa volti 12. Ukiidai 75, plastiki inalainika na mwisho wake ni moshi. Adapta za namna hiyo zikatae hata ukipewa bure.

Wengine wanasema, "Nitabadilisha pawasapulai." Sawa, lakini angalia kwanza plagi ya mazabodi. OptiPlex 7010 ile ya 2012 inatumia plagi ya kawaida ya pini 24, wakati 7020 na 9020 zinatumia ya pini 8 ya Dell wenyewe, na HP EliteDesk 800 G1 ina ya kwake tena. Utalazimika kununua waya wa kubadilishia, na kama kasha ni lile jembamba, pawasapulai ya kawaida haitaingia kabisa. Katika kasha jembamba hata kadi yenyewe lazima iwe ya kimo kifupi. Chukua rula, pima urefu kutoka nyuma ya kasha hadi kwenye kizuizi cha kwanza, uandike. Nimewahi kuona mtu akikata chuma cha kasha kwa msumeno ili kadi iingie. Chembe za chuma zilianguka kwenye mazabodi, na siku hiyo alipoteza vyote viwili.

Pawasapulai ya bei poa iliyoandikwa wati 500 kwa herufi kubwa nayo usiiamini kwa maandishi hayo. Soma jedwali la ubavuni, mstari wa volti 12. Ampea zizidishe kwa 12 upate wati halisi zinazoweza kuifikia kadi na prosesa. Ukikuta ampea 18, hiyo ni wati 216, hata kama ubavuni wameandika 500.

Prosesa haihitaji maneno mengi. Core i5 ya kizazi cha nne yenye viini vinne inaweza kuilisha vizuri kadi ya daraja la GTX 1650 na hata zaidi kidogo. Ukiifungia RTX 4060, kwenye gemu nyingi kadi itakaa ikisubiri prosesa, na umelipia nguvu isiyofika kwenye skrini. Intel Arc B580, iliyotoka Desemba 2024 kwa dola 249 ikiwa na gigabaiti 12, ni kadi ya thamani kubwa kwenye mashine mpya. Kwenye prosesa za zamani inapoteza nguvu nyingi, na isipopata kipengele kinachoitwa Resizable BAR kwenye mazabodi inadhoofu kabisa. Usiinunulie OptiPlex ya zamani. Na kama una RAM ya gigabaiti 8 kwenye kijiti kimoja, ongeza kijiti cha pili kabla ya kutafuta kadi kubwa. Kwenye gemu nyingi kutetereka kwa picha kunaanzia hapo.

Sasa kadi yenyewe. Kinachoizeesha kadi haraka kuliko vyote ni memori yake. Nguvu ya chipu ikipungua unashusha ubora wa vivuli na maisha yanaendelea. Memori ikijaa, gemu inaanza kuvuta data kutoka kwenye RAM ya kompyuta kupitia tundu la mazabodi, na picha inakwamakwama kila unapogeuka. Mwaka 2023 gemu kama Hogwarts Legacy na The Last of Us Part I zilizitesa kadi za gigabaiti 8 kwenye mipangilio ya juu, hata kadi ambazo chipu zake zilikuwa na nguvu za kutosha. Kwa 1080p leo ningesema hivi: gigabaiti 4 ni za GTA V, mpira, Valorant na gemu za miaka ya nyuma, gigabaiti 8 zinatosha ukikubali kushusha ubora wa sura za vitu, na anayenunua kadi mpya kwa fedha nyingi, akitaka akae nayo miaka mitano, atafute 12 au 16. Ndiyo maana RTX 3060 ya gigabaiti 12, iliyotoka Februari 2021 kwa dola 329, bado inaheshimika. RTX 4060 iliyofuata 2023 kwa dola 299 inaipita kwa kasi na inakula wati 115 badala ya 170, lakini ina gigabaiti 8 tu. Kwa anayecheza tu kwenye mashine yenye umeme mdogo, 4060 ni chaguo zuri. Kwa anayehariri video za harusi mchana na kucheza usiku, au anayejifunza Blender, ningempa 3060 bila kusita.

Kuna na njia za kuingilia kwenye tundu la mazabodi. RX 6500 XT ya Januari 2022 inatumia njia 4 tu badala ya 16. Kwenye mazabodi ya kisasa si tatizo kubwa, ila kwenye zile za zamani, ambazo ndizo tulizonazo wengi, inapoteza kasi waziwazi, tena ina gigabaiti 4 na haina sehemu ya kurekodia video. Ni kadi ambayo bei yake inavutia na sijawahi kumshauri mtu aichukue.

Kuhusu bei, kuna hesabu moja ninayoifanya kwenye karatasi kabla ya kutoka nyumbani: shilingi kwa fremu. Chukua gemu tatu au nne unazocheza, tafuta majaribio ya kadi unazozilinganisha kwenye gemu hizo, kwa ukubwa wa skrini yako, toa wastani, kisha gawanya bei kwa wastani huo. Tuseme kadi ya kwanza inauzwa 600,000 na inatoa fremu 60: kila fremu ni shilingi 10,000. Ya pili inauzwa 800,000 na inatoa fremu 75: kila fremu ni karibu 10,670. Ya kwanza inaonekana nafuu. Lakini kama inahitaji pawasapulai mpya ya 120,000 na ya pili inatosheka na uliyonayo, gharama ya ya kwanza ni 720,000, na fremu moja imefika 12,000. Hesabu imegeuka bila bei ya kadi kubadilika hata shilingi. Weka kila kitu: adapta, waya, nauli, na kama unaagiza nje, usafirishaji na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwa kawaida ni asilimia 18 Tanzania na 16 Kenya.

Majaribio hayo yasome kwa makini. Mwanzoni mwa 2025 Nvidia walitangaza kwamba RTX 5070 ya dola 549 inatoa utendaji wa RTX 4090. Ulinganisho huo ulisimama juu ya fremu zinazobuniwa: kadi inachora fremu moja, kisha inakisia tatu za katikati. Picha inaonekana laini, ila mkono wako unaitikiwa kwa kasi ya zile fremu halisi. Ukianza na fremu 25 halisi, utaona 80 na utahisi 25. Kukuza picha ni jambo jingine, na lina faida kubwa kwa mtu wa kipato cha kawaida. Gemu inachorwa kwa 1280 kwa 720, kisha inakuzwa hadi 1080. DLSS ya Nvidia inafanya kazi hiyo vizuri na inataka kadi za RTX. FSR ya AMD hadi toleo la 3 inakubali hata kadi za zamani na za kampuni nyingine. Ukilinganisha kadi, linganisha kwanza bila nyongeza hizi, kisha uzihesabu kama faida ya ziada.

Kuna mtego wa majina pia, na huu ni wa halali kabisa, hakuna aliyeghushi chochote. RX 580 ya kawaida ina viini 2,304. Kuna nyingine iliyotolewa kwa ajili ya soko la China yenye viini 2,048, sawa na RX 570, na ndiyo iliyojaa kwenye maduka ya mtandaoni kwa bei rahisi. GTX 1060 ya gigabaiti 3 ina viini pungufu kuliko ya 6, kwa hiyo tofauti yao si memori tu. RTX 3060 ya gigabaiti 8 ina njia ya memori ya biti 128 badala ya 192. RTX 3050 ya gigabaiti 6 ni dhaifu kuliko ya 8, ingawa inakula wati 70 na haihitaji waya wa ziada, jambo linaloifanya kuwa lulu kwa wenye OptiPlex. GT 1030 yenye memori ya DDR4 iko mbali sana nyuma ya ile ya GDDR5, na maboksi yanafanana. Mwenye laptop naye ajue kwamba RTX 4060 ya laptop moja inaweza kupewa wati 45 na ya nyingine zaidi ya 100. Jina ni lilelile, kasi mbalimbali. Kila mara uliza namba nne: viini, gigabaiti, biti za memori, wati. Muuzaji asipozijua, tafuta mwenyewe kwa simu ukiwa umesimama palepale.

Miezi mitatu baada ya Idi mpwa wangu alikuwa na akiba tena, safari hii laki nne. Tukaenda pamoja mjini Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali na kabla maduka hayajajaa. Nilikuwa na tochi ya simu, flashi yenye GPU-Z na FurMark (programu ya kuipa kadi kazi nzito), na karatasi ya vipimo vya mashine yake.

Duka la kwanza walikataa kuijaribu kadi. Tukashukuru tukaondoka. Kadi iliyotumika ambayo haijaonekana ikifanya kazi usiinunue kwa bei yoyote.

Duka la pili kijana akatoa GTX 1650 mbili. Ya kwanza niliigeuza nikaelekeza tochi kati ya mapezi ya alumini. Vumbi halinitishi, vumbi linapulizwa. Kilichonitisha ni ukingo wa chipu: ulikuwa na utando wa kahawia unaong'aa kama gundi iliyokauka, na sahani ya kijani kuzunguka hapo ilikuwa imebadilika rangi. Hiyo ni alama ya kadi iliyokufa ikachomwa kwa moto ili ifufuke. Hufufuka kweli, kwa wiki mbili, kwa mwezi. Nilipoinusa ilikuwa bado na harufu ya dawa ya kuchomelea. Nikairudisha bila maneno.

Ya pili skrubu zake hazikuwa na mikwaruzo kichwani. Feni niliisukuma kwa kidole ikazunguka bila kukwaruza wala kuyumba. Meno ya dhahabu ya kuingilia kwenye mazabodi yalikuwa safi, bila doa jeusi. Bamba la chuma lenye matundu lilikuwa na kutu kidogo kwenye pembe. Kwa kadi iliyokaa Dar, Tanga au Mombasa hilo ni la kawaida. Hewa ya chumvi haibagui. Kutu ikiwa ndani ya matundu ya HDMI au kwenye miguu ya vipande vidogo juu ya sahani, hapo unaiacha.

Ikafungwa kwenye mashine ya duka. GPU-Z: viini 896, biti 128, gigabaiti 4 za GDDR6, hakuna neno FAKE. FurMark ikawashwa, nikaomba viti. Kijana wa duka alitaka kuizima baada ya dakika mbili, nikamwomba anisamehe, tunahitaji 15, na nitanunua hapa ikifaulu. Ubovu wa memori mara nyingi hausemi mpaka kadi ipate moto. Tulikuwa tunatafuta madoadoa, miraba ya rangi, mistari, au skrini kuzima ghafla. Joto likapanda hadi digrii 74 likakaa hapo. Likipita 85 na bado linapanda, ama dawa ya joto chini ya chipu imekauka ama feni imechoka. Vyote vinatibika, na bei ipungue kwa kiasi hicho. Baada ya hapo tukafungua gemu halisi ya mpira kwa dakika kumi, kwa sababu kuna kadi zinazovumilia FurMark na kuanguka kwenye gemu.

Kuna anayeuliza kama kadi zilizotumika kuchimba sarafu za kidijitali zinafaa. Ethereum iliacha uchimbaji wa kadi Septemba 2022, na kadi nyingi mno zikamwagwa sokoni kutoka kila pembe ya dunia. RX 6600, RTX 3060 na hata RX 580 nyingi zilipitia huko. Kadi ya namna hiyo haijafa kwa sababu tu ilichimba. Iliendeshwa kwa mwendo mmoja usiku na mchana, na kinachochakaa kwanza ni feni na pedi za joto juu ya memori. Kagua mafuta yaliyovuja kando ya pedi, sikiliza feni, jaribu kwa muda mrefu, na uilipe kama kitu kilichofanya kazi sana.

Umri wa draiva nao uhesabu. Oktoba 2025 Nvidia walisitisha draiva mpya za gemu kwa kadi za familia ya GTX 900 na GTX 10, wakabakiza marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2028. GTX 1060 na 1050 Ti halisi bado zinacheza gemu za zamani vizuri, ila kwa gemu mpya zimeachwa njiani. Tena zipo gemu kama Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 zinazodai kadi yenye uwezo wa kufuatilia miale ya mwanga, na bila huo hazianzi. GTX 1650 haina uwezo huo, na mpwa wangu alilijua kabla hajalipa. Yeye anacheza mpira, GTA V na Counter-Strike. Angekuwa anazililia gemu mpya, ningemwambia avumilie miezi miwili zaidi afikie RTX 3050 ya gigabaiti 6.

Kwa wenye pawasapulai ya maana na mashine ya miaka ya karibuni, ramani yangu ni hii. RX 6600 iliyotumika, wati 132 na gigabaiti 8, ndiyo ninayoiona ikitoa fremu nyingi zaidi kwa shilingi kwenye 1080p, ikiwa imepita ukaguzi. Kwa mpya, RX 9060 XT ya gigabaiti 16 iliyotangazwa 2025 kwa dola 349 ndiyo ningeinunua kwa fedha yangu, hata kama nitalazimika kusubiri. Tofauti yake na ile ya gigabaiti 8 ilikuwa dola 50 kwenye bei ya tangazo, na sijui dola 50 nyingine katika kompyuta nzima zinazonunua miaka mingi hivyo. Bei za huku zitazidi hizo, kwa hiyo zitumie kupima uwiano: ukiona dukani ya gigabaiti 8 na ya 16 zimepishana laki tano, kuna mtu anakupiga.

Mwenye kibanda cha gemu aongeze hesabu ya LUKU. Tofauti ya kadi ya wati 185 na ya wati 115 ni wati 70. Mashine ikifanya kazi saa 12 kwa siku, hiyo ni uniti 0.84 kila siku, zaidi ya uniti 25 kwa mwezi kwa mashine moja. Ukiwa na mashine sita chini ya paa la bati, hizo wati zote zinageuka kuwa joto chumbani, halafu unanunua feni za kulitoa. Na popote ulipo weka stebilaiza au UPS. Umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika unaweza kuiua kadi.

Tulipatana laki tatu na elfu ishirini. Nikaomba risiti ya EFD, na nyuma yake muuzaji akaandika namba ya kadi na siku 14 za kuirudisha, akaweka sahihi na mhuri. Tulilipa kwa simu ili kumbukumbu ibaki. Adapta ya VGA ilikuwa elfu kumi na tano, na kwa elfu thelathini na tano tukapata kijiti cha RAM cha gigabaiti 8. Zikabaki elfu thelathini, akazitia mfukoni.

Nyumbani aliifunga mwenyewe, mimi nikashika tochi. Hakuna waya wa ziada, hakuna adapta ya SATA. Tukafuta draiva za zamani, tukaweka mpya, tukaifunga GTA V kwenye fremu 60 ili kadi isijichoshe bure kwenye skrini ya hezi 60. Feni haikusikika. Aliendesha gari kutoka uwanja wa ndege hadi ufukweni bila kusema neno, kisha akageuka akaniuliza kama ile kadi ya bandia anaweza kuitundika ukutani steshenari, karibu na meza ya kuchapia, wenzake walione lile tundu la VGA.

Nilimpa misumari miwili.